Glavu za Theluji za Fukuto

Palikuwa na nchi, na kwa bahati mbaya ingali ipo, iitwayo Fukuto. Huko jua halichomozi asubuhi kama kwenu. Lilikwisha kuchomoza zamani na halijaona sababu ya kuondoka. Kuku wa huko hutaga mayai yaliyoiva nusu, na mtu akitaka kunyoosha shati hulitandaza juu ya bati akanywa chai. Barafu wanaijua kwa watu wawili tu, muuza bia na muuza samaki, na wote wawili huifunika kwa gunia kama maiti.

Basi mwaka mmoja kiongozi wa nchi hiyo, Baba Upeo, alialikwa ng'ambo. Akaona watu wazima, wenye akili zao na mali zao, wamejifunga mbao miguuni wanateleza kwenye theluji kutoka juu ya mlima mpaka chini, na wenzao wanawapigia makofi. Baba Upeo hupenda chochote kinachopigiwa makofi. Aliporudi akatangaza redioni kwamba Fukuto nayo itapeleka mtu kwenye mashindano ya kuteleza.

"Hatuwezi kubaki nyuma," alisema. "Nchi hii imekuwa ikiteleza tangu uhuru. Kasoro yetu ni kwamba tumeteleza bila vifaa."

Watu wakapiga makofi. Siku hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Theluji, ikapewa jengo lililokuwa ghala la dawa. Mtelezaji alipatikana upesi, kwa kuwa mpwa wa Baba Upeo hakuwa na kazi. Mbao zikapatikana kwa seremala. Vijana wenye nguvu wakachukuliwa kwenda kujenga mlima wa chumvi wa kufanyia mazoezi. Kilichobaki kikawa glavu.

Mzee Ngwali, mshona matandiko ya punda wa mtaa wa Machinjioni, hakupiga makofi siku ile. Si kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa ameshika sindano.

Lakini hata angekuwa mikono mitupu, huenda asingepiga. Mkewe, Bi Tabu, alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri glavu. Mimba iliharibika, damu ikawa inamtoka, na nesi wa siku zile akasema kwa upole kabisa kwamba hawezi kumgusa mgonjwa mpaka ndugu walete glavu, maana serikali imeleta kila kitu isipokuwa hizo. Ngwali alikimbia maduka yote na viatu vikamvuka. Aliporudi na jozi yake mkononi, nesi aliipokea, akashukuru, akaitumia kwa mgonjwa aliyefuata.

Tangu hapo Ngwali alikuwa na ugomvi mkubwa na serikali, ila serikali haikuwa na habari nao.

Sasa binti yake wa pekee, Sikujua, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa huko kwenye mlima wa chumvi, kwa hiyo alikaa kwa baba yake. Zahanati ilikuwa imempa orodha ya vitu vya kwenda navyo siku ya kujifungua: wembe, uzi, pamba, beseni, mpira wa kutandika, glavu jozi mbili. Kila kitu kilikuwa kwenye beseni chini ya kitanda, isipokuwa kile kilichomuua mama yake.

"Glavu hazipo, Baba," alisema Sikujua, amerudi kutoka madukani ameshika kiuno. "Zimekusanywa zote. Wizara imezichukua."

"Wizara ya Afya?"

"Ya Theluji."

Ngwali aliukata uzi kwa meno. "Za hospitali zile, nyembamba kama ngozi ya kitunguu? Wanazitakia nini?"

"Eti wanazilinganisha."

Alitundika tandiko msumarini, akavaa koti la harusi yake, akaenda mjini.

Mlangoni kwa Wizara alikuta askari amekaa kwenye kivuli chake mwenyewe.

"Una miadi, mzee?"

"Nina shida."

"Shida zote zina miadi. Nenda ukarudi nayo."

Ngwali alikuwa hajageuka wakati kijana mmoja wa tai alipotoka ndani mbio, jasho linamchuruzika. Huyo ndiye Bwana Kasiano, Katibu wa Kamati ya Kitaifa ya Kuchagua Glavu. Hakusema shikamoo.

"Wewe! Ni mwananchi wa kawaida?"

"Kwani kuna wa namna nyingine?"

"Wapo, wako ndani, wamefika kumi na mmoja. Tumekosa wa kawaida."

Sheria ya Fukuto, msomaji, ni sheria nzuri sana. Inasema kikao chochote cha serikali hakiwezi kukata shauri kama hayupo mwananchi wa kawaida. Haisemi asikilizwe. Inasema awepo. Kiti chake huwekwa karibu na mlango, na jina lake haliandikwi, huandikwa tu, "Mwananchi wa kawaida: yupo."

"Mimi nimekuja kuomba glavu jozi mbili," Ngwali alisema huku akivutwa mkono. "Binti yangu anakaribia kujifungua."

"Vizuri sana. Hilo litaingia kwenye Mengineyo."

Akaoneshwa karatasi ya ajenda ukutani: Kufungua. Umaridadi. Joto. Uimara. Mengineyo. Kufunga. Ngwali aliisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa kuwa shule aliishia darasa la tatu, mwalimu alipochukuliwa kwenda kufundisha gwaride. Akaliona neno lake pale chini, la tano. Akakaa kusubiri.

Siku ya kwanza ilikuwa ya umaridadi.

Mezani kulikuwa na glavu za kila aina zilizoletwa kutoka nchi za baridi, na pembeni, kwenye makatoni mpaka darini, zile nyembamba za zahanati zote za Fukuto. Ngwali aliyatazama makatoni yale kama mtu anayetazama ng'ombe wake kwenye zizi la jirani.

Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Bambaza, mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia madaraja. Alifungua kikao kwa saa moja na nusu. Kisha akauliza glavu iwe na sura gani. Wakakubaliana upesi kwamba iwe na picha ya Baba Upeo. Ugomvi ukawa ni mahali pa kuiweka. Mmoja akasema kiganjani, karibu na moyo wa mkono. Mwingine akauliza, je, mtelezaji akianguka na kujishika chini? Si atakuwa ameukandamiza uso wa Baba kwenye theluji mbele ya mataifa? Aliyetoa wazo la kiganjani aliomba ruhusa ya kwenda msalani na hakuonekana tena.

Picha ikawekwa juu ya mgongo wa glavu. Rangi ikawa nyekundu, ili mtelezaji akipotea aonekane.

"Mheshimiwa," alisema Ngwali, "Mengineyo—"

"Mzee wangu, Mengineyo ni ya mwisho," Kasiano alimnong'oneza. "Usiruke ajenda. Tuna wali wa nazi unapoa."

Kikao kikaahirishwa.

Siku ya pili ilikuwa ya joto. Hapa ndipo mwananchi wa kawaida alipopata kazi, kwa kuwa wajumbe wengine mikono yao ilikuwa ya kutilia saini na haikufaa kuhatarishwa. Ngwali alitolewa nje uani, akavishwa glavu moja baada ya nyingine, akasimamishwa juani. Kila baada ya dakika tano Kasiano alimvua, akatazama jasho, akaandika: "Ina joto." Glavu kumi na nne zote zikafaulu. Hata zile nyembamba za zahanati zikafaulu.

Mjumbe mmoja mzee, aliyewahi kufika nchi za baridi akalazwa huko, alikohoa akasema labda ingefaa kujaribu kwenye barafu. Wakamtazama kwa mashaka, lakini barua ikaandikwa kwenda kwa muuza samaki kuomba barafu mapande mawili. Barua ilipita ofisi saba ikagongwa mihuri saba. Barafu nayo ilipokuja ilipita ofisi zilezile. Ilipofika uani ilikuwa maji ndani ya ndoo, yananuka samaki kibua. Kasiano akaipokea akasaini, "Barafu, mapande mawili," maana hati ndivyo ilivyosema. Ngwali akatumbukiza mkono wenye glavu kwenye yale maji ya uvuguvugu.

"Unasikia baridi?"

"Hapana."

"Imefaulu!" Wakapiga makofi.

Sasa Ngwali alikuwa na kasoro moja ambayo imewaua wengi Fukuto: alikuwa anaijua kazi yake. Alizigeuzageuza zile glavu, akazivuta mishono, akanusa ngozi, na maneno yakamponyoka.

"Hizi zote za vidole vitanovitano zitawaaibisha," alisema. "Kidole kikikaa peke yake kinapoa. Chukueni hii ya mfuko, vidole vinne vinalala chumba kimoja, vinapeana joto kama watoto kitandani. Ngozi yake imepakwa nta, maji hayapiti. Ndani manyoya ya kondoo. Na shingo yake ndefu, inafunga mpaka juu ya kifundo cha mkono, upepo hauingii. Tena tazameni hapa kwenye gumba. Glavu hufia kwenye kidole gumba. Hii imeshonwa mara mbili."

Mwananchi wa kawaida alikuwa amesema. Kasiano aliipekua sheria kuona adhabu yake. Lakini Mheshimiwa Bambaza alikuwa ameikamata ile glavu, macho yanang'aa.

"Vidole vinne, chumba kimoja," alisema polepole. "Ndugu wajumbe, hii si glavu. Hii ni umoja wa kitaifa!"

"Na hicho kidole gumba, Mheshimiwa, kilichokaa kando?"

"Huo ni upinzani. Unaonekana, lakini umefungwa."

Makofi yalidumu mpaka saa ya chakula. Kikao kikaahirishwa. Ngwali alirudi nyumbani mikono mitupu, akamkuta Sikujua ameinamia meza, anapumua kwa meno.

"Umezipata, Baba?"

"Kesho. Wamebakiza moja tu, kisha ni mimi."

"Naona kama mtoto ana haraka."

"Mwambie asubiri ajenda," alisema Ngwali, akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka, wala yeye.

Siku ya tatu ilikuwa ya uimara. Wajumbe waliulizana ni kazi gani ngumu kuliko zote ambayo mkono wa mtu wa Fukuto hufanya katika maisha yake. Jibu lilikuwa moja. Ikawekwa kanda ya hotuba ya Baba Upeo ya sikukuu ya uhuru, ya saa nne na dakika arobaini, na Ngwali akaamriwa apige makofi kila panapostahili, amevaa glavu. Panapostahili ni kila mwisho wa sentensi.

Glavu ya kwanza ilipasuka kwenye shukrani kwa viongozi wa dini. Ya pili ilifumuka kwenye takwimu za mavuno. Zile nyembamba za zahanati zilichanika kwenye "Ndugu wananchi." Ya mfuko ilifika mwisho ikiwa nzima, isipokuwa mikono iliyokuwa ndani, ambayo ilivimba kama maandazi. Wajumbe walimpongeza mtengenezaji.

Kisha Kasiano akasoma: "Ajenda namba tano. Mengineyo."

Ngwali alikuwa amelingoja neno hilo siku tatu, na miaka sita kabla ya siku tatu. Akasimama.

"Waheshimiwa, mimi nina binti. Anajifungua wakati wowote. Zahanati inataka glavu jozi mbili, zile nyembamba, hizo hapo kwenye makatoni. Mama yake alikufa kwa kukosa jozi moja. Naomba mbili tu. Makatoni hayo hata hamtajua zimepungua."

Kwa mara ya kwanza wajumbe walimtazama. Mheshimiwa Bambaza alivua miwani, akaifuta, akawa na sura ya huzuni hasa.

"Mzee, umenigusa," alisema. "Lakini umeona mwenyewe kwa macho yako. Glavu hizo zimeshindwa mtihani wa uimara. Zimeshindwa na 'Ndugu wananchi.' Kitu cha kuvaliwa mara moja kikatupwa! Serikali inayojali watu wake itampaje binti yako kitu hafifu namna hiyo? Zitateketezwa kesho. Zahanati zote zitapata hizi imara, za kudumu miaka kumi, pindi mashindano yatakapokwisha."

Makofi. Ngwali, kwa mazoea ya siku ile, alijikuta mikono yake iliyovimba inapiga pamoja na wengine. Jambo hilo hakumwambia mtu kamwe.

Wakafunga. Kwa kuwa aliyeshika ufunguo wa kabati alikuwa kwenye semina ya funguo, jozi iliyoshinda, imekwisha kutiwa rangi nyekundu na picha ya Baba, alikabidhiwa mwananchi wa kawaida akalale nayo, aweke dole gumba kwenye hati: glavu moja ya kulia, moja ya kushoto, zirudishwe kama zilivyo siku ya safari.

Sikujua alishikwa na uchungu asubuhi iliyofuata, Ngwali akiwa bado anachemsha chai. Alimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa punda, beseni mapajani. Nesi Aurelia, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi ya watu sita kwa mshahara wa nusu mtu, alimpokea mlangoni.

"Glavu, Baba Sikujua?"

Ngwali alitoa ndani ya koti zile nyekundu, kubwa, zenye uso wa Baba Upeo unaotabasamu. Hakuwa na kingine. Nesi Aurelia alizitazama kwa muda.

"Hizi ni za nini?"

"Za theluji."

"Mungu wangu," alisema Nesi, na hakucheka. Akachukua mifuko miwili ya nailoni ya mkate, akaipindua, akaivaa mikononi, akafunga kwa uzi. "Ningoje hapo nje. Usiondoke."

Ngwali akakaa kwenye benchi. Lilikuwa lilelile. Alihesabu misumari yake, ingawa aliijua idadi: kumi na tisa. Akaihesabu tena. Ndani Sikujua alilia kwa sauti ya mama yake.

Hakufa. Jua lilipofika utosini Nesi alitoka, mifuko ya mkate imelowa damu, akasema, "Mama mzima. Amechoka, kapoteza damu, anatetemeka, lakini yupo. Mtoto ni wa kike." Akafungua uzi wa mifuko. "Ni njiti, Baba Sikujua. Anaingia kwenye kiganja."

"Si kuna mashine ya kulelea?"

"Wizara iliichukua kufundishia wataalamu baridi ni nini, kwa kuwaonesha kinyume chake."

"Lakini joto lote hili, Nesi! Fukuto nzima ni mashine."

"Mtoto wa miezi saba hana nyama ya kushika joto. Kwake yeye hata Fukuto ni baridi. Angelala kifuani kwa mama yake, lakini mama mwenyewe amepoa kama mtungi." Macho yake yakaenda kwenye mapaja ya Ngwali. "Hebu nipe hiyo."

Wakamtia mtoto katika glavu ya kulia. Aliingia mzima, miguu pale vidole vinne vinapolala, kichwa kikabaki nje kwenye shingo ya glavu, si kikubwa kuliko limau. Manyoya yakamkumbatia. Glavu ya kushoto wakaiweka juani ipate moto, ili wambadilishe. Baada ya saa moja midomo yake iliyokuwa ya samawati ikaanza kuwa midomo. Nesi Aurelia alimgusa shingo kwa kidole. "Akikaa humu wiki tatu, huyu ni mtu," alisema.

Ngwali alikaa kitandani kwa binti yake ameishika ile glavu. Yale mambo aliyoyasema mbele ya Kamati yalikuwa ya kweli yote. Ngozi nzuri. Mshono mzuri. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliipenda serikali.

Alasiri ile gari jeusi lilisimama mlangoni. Akaingia Kasiano na tai yake, askari nyuma yake.

"Mzee wangu, tumekutafuta mtaa mzima! Ndege inaondoka leo, si wiki ijayo. Mpwa wa Baba yuko uwanjani, mikono wazi. Glavu."

"Ya kushoto ile pale juani, chukua," alisema Ngwali. "Ya kulia ina mtu."

Kasiano akachungulia. Akaona kichwa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya; rangi ilimpotea usoni, akapangusa jasho kwa tai. Lakini mtu wa Wizara akipotewa na rangi huitafuta kwenye makaratasi.

"Hati inasema jozi. Jozi ni mbili."

"Kijana, atakufa," alisema Nesi Aurelia. "Unanielewa? Ukimtoa atapoa, na akipoa atakufa."

"Mimi peke yangu siwezi kuamua atoke. Wala siwezi kuamua abaki. Hili ni la kikao." Akapiga simu. Mheshimiwa Bambaza akawekwa kwenye spika, juu ya beseni, kelele za uwanja wa ndege nyuma yake. Kikao kikafunguliwa. Ajenda: Kufungua. Kurejesha glavu. Mengineyo. Kufunga.

Hapo Ngwali akakumbuka sheria. Ilikuwa sheria nzuri sana. Alimpa Sikujua mtoto ndani ya glavu yake, akasimama, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Natoka nje. Bila mwananchi wa kawaida hamwezi kukata shauri. Nami simo."

Akatoka, akasimama juani kando ya punda wake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuizuia serikali hata kwa dakika moja, na sasa ilikuwa imezuiwa. Alimshika punda sikio. Kisha akamsikia Kasiano anageuza kurasa, na sauti ya Mheshimiwa kwenye beseni: "Huyo aliyezaliwa ni raia wa wapi?"

"Wa Fukuto, Mheshimiwa."

"Ana cheo?"

"Hana."

"Yupo?"

"Yupo, Mheshimiwa."

"Andika."

Ngwali alikimbia kurudi ndani. Kasiano alikuwa anaandika: *Mwananchi wa kawaida: yupo. Hakupinga.* Sikujua alikuwa ameibana glavu kifuani, lakini mikono yake haikuwa na damu ya kushindana na mtu. "Baba," alisema. "Baba, mwambie." Nesi Aurelia alisimama katikati, na askari wa gari akamsogeza kando kwa heshima, kama mtu anayesogeza pazia.

"Bwana Kasiano," alisema Ngwali. "Mwanangu. Mna Mengineyo. Nimeona umeandika. Nasema kwenye Mengineyo: niachieni moja."

Kasiano alitazama saa. Alitazama karatasi. Hakumtazama mtu.

"Mzee, ulitoka nje. Aliyemo ndani ndiye mjumbe, na yeye hana Mengineyo." Akasoma kwenye simu, haraka: "Kikao kimefungwa."

Walimtoa mtoto kwa uangalifu mkubwa, ili wasichane mshono wa gumba. Ngwali akampokea kwa mikono yake, ile iliyovimba kwa makofi, iliyopasuka kwa nta na sindano za matandiko. Akamfumba ndani yake, vidole vinne huku na vinne huku, magumba yote mawili yamefunga juu. Nesi akawatupia kanga. Akawasogeza karibu na Sikujua.

"Usifumbue," alisema. "Hata kidogo. Hata kwa kujikuna."

"Mpaka lini?"

Nesi Aurelia aliikaza ile kanga kwa fundo jingine.

Redio ya zahanati ikatangaza kwamba ndege ya mtelezaji inaruka sasa hivi, na kwamba kila mwananchi popote alipo apige makofi kwa dakika tano, na wasiopiga waandikwe. Mtaa mzima ukaanza. Walipiga sokoni, walipiga machinjioni, wagonjwa kwenye benchi lenye misumari kumi na tisa nao wakapiga. Mjumbe wa nyumba kumi alipita na daftari, akachungulia dirishani.

"Mzee Ngwali! Huoni wenzako? Piga makofi!"

Ngwali aliinama akapuliza pumzi yake ya moto, polepole, kwenye upenyo kati ya magumba yake. Ndani mle kitu kidogo kilitikisika, kikatulia, kikatikisika tena. Mjumbe alisubiri kidogo. Kisha akalamba ncha ya kalamu, akaandika jina.